Santuri za marehemu baba na pleya inayozunguka polepole: nianzie wapi?

Mkazi wa Majengo, Moshi

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa yeyote anayefahamu mambo ya santuri, kwa maana hapa nyumbani waliozifahamu wametangulia, na sisi tuliobaki tulikulia kwenye kanda na baadaye simu.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, na katika miaka ya 1960 na 1970 kila alipopata fedha ya ziada alinunua santuri. Mwezi uliopita tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta santuri 64. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, chache ni LP, yaani zile kubwa za mizunguko 33, na tisa ni nzito, nyeusi, ambazo ukizigonga kwa kucha zinalia kama sahani ya udongo. Kila bahasha ameiandika kwa wino wa buluu mwezi na mwaka alioinunua, na nyingine ameongeza jina la rafiki aliyekuwa naye siku hiyo.

Binamu yangu anayeishi Marekani aliniletea pleya ya zamani lakini imara, inayozungushwa kwa mkanda wa mpira. Kwa kuwa nyuma imeandikwa volti 120, nilinunua transfoma ya kupunguza umeme, nikaiunganisha pleya na sabufa ya sebuleni kupitia tundu la AUX, nikaweka santuri ya kwanza. Mwimbaji akatoka anaimba polepole, kwa sauti nzito kupita kiasi, hata mama yangu, aliyezicheza nyimbo hizo akiwa msichana, akasema kwamba huyo siye anayemjua. Tena sauti ni hafifu na kali kama ya mbu, hata nikifungua sabufa hadi mwisho, na chini yake kuna mvumo usiokoma. Sindano nayo ilikuwa inaruka, nami nikakumbuka jinsi baba mdogo alivyokuwa akifanya zamani, nikaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano, na kweli ikaacha kuruka.

Nina shilingi laki tatu na nusu. Je, ninunue spika bora zaidi, au pleya nyingine, au kuna jambo jingine la kulitangulizia fedha hizi? Nitashukuru kwa maelezo marefu, msinihurumie.

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Pole sana kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kuwa hamkulitupa sanduku hilo. Nimekuwa nikitengeneza redio na amplifaya kwa muda mrefu, na nimeona masanduku ya namna hiyo yakiuzwa pamoja na vyuma chakavu.

Kabla ya jambo jingine lolote, toa hiyo sarafu leo hii na usiicheze tena santuri yoyote ya mzee mpaka umebadilisha sindano. Hujui sindano hiyo imetumika saa ngapi huko ilikotoka. Ncha yake ni almasi, lakini hata almasi huchakaa baada ya saa mia kadhaa za kusuguana na plastiki, na ikishachakaa inakuwa na kingo kali zinazochonga kuta za mifereji. Katriji nyingi za kisasa, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, hubebeshwa uzito wa gramu 2 hivi, wakati sarafu peke yake ina gramu kadhaa. Sindano iliacha kuruka kwa sababu umeigandamiza chini, na kila mzunguko unaondoka na sehemu ya sauti ambayo hakuna fundi atakayeirudisha.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya santuri zenyewe. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa redioni kwenye utepe wa sumaku, na zile zilizobahatika kuwa santuri kwa kawaida zilichapishwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na nyimbo zake zinapatikana kirahisi kwa kuwa jina lake ni kubwa, lakini zipo bendi za mikoani ambazo santuri mbili tatu ndizo alama pekee zilizoacha. Hata hapa Arusha, ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga muziki na Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sindano mpya unaweza kuinunua tena na tena. Santuri iliyo mikononi mwako huenda ikawa ya mwisho.

Sasa nije kwenye mwendo. Mota ndogo iliyo ndani ya pleya nyingi za zamani za mkanda hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na wetu hupiga mara 50. Transfoma uliyonunua inashusha volti kutoka 230 hadi 120, lakini mapigo hayaguswi, yanabaki 50 vilevile, hivyo pleya yako inazunguka kwa sehemu tano tu za sita za mwendo wake. Unaweza kulihakiki bila kifaa chochote. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa ile sahani ya chuma inayozunguka, weka mwendo wa 33, kisha hesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Pleya nzima itazunguka mara 100. Yako, kama nimekisia vizuri, itafika 83 hivi. Fanya hivyo kisha utuletee hesabu.

Ikithibitika, geuza pleya chini juu uangalie kama kuna swichi ya 50 na 60, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliiweka. Ikiwa haipo, fungua sahani ya juu uitazame puli, yaani kile kikonyo cha shaba kinachovuta mkanda. Puli ya umeme wa 60 ni nyembamba, na ya umeme wa 50 inatakiwa kuwa nene zaidi kwa sehemu moja ya tano. Baadhi ya kampuni huuza puli za aina zote mbili. Ukiikosa, mpelekee fundi wa kukereza vyuma hiyo ya zamani, akukerezee mpya ya shaba, lakini mwambie aanze na unene uliozidi kidogo na apunguze taratibu, kwa kuwa hata unene wa mkanda wenyewe unaingia katika hesabu. Wakati huohuo uiguse mota baada ya nusu saa ya kuzunguka. Mota ya 60 ikiendeshwa kwa 50 hupata joto zaidi, na ikiwa huwezi kuishika basi usiitumie.

Kuhusu sauti kama ya mbu, sabufa yako haina kosa. Katriji ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 3 hadi 5, wakati tundu la AUX linangojea mamia ya milivolti. Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Wachongaji wa santuri hupunguza besi kwa makusudi, kwa sababu besi kamili ingefanya mifereji iwe mipana mno na kumaliza nafasi, tena ingeirusha sindano. Na sauti za juu huziongeza ili zifunike mchakacho wa plastiki. Tangu miaka ya 1950 kipimo cha kupunguza na kuongeza huko kimekuwa kimoja dunia nzima, na mashine ya kusikilizia hutakiwa kukigeuza kinyume. Kazi hiyo hufanywa na tundu lililoandikwa PHONO kwenye amplifaya, au na kisanduku kidogo kinachokaa kati ya pleya na sabufa. Wewe huna lolote kati ya hayo, kwa hiyo unaisikia santuri jinsi ilivyochongwa: besi imebanwa, za juu zimepandishwa.

Mvumo nao mara nyingi ni waya wa ardhi. Nyuma ya pleya utakuta waya mwembamba wa tatu, wenye ncha ya uma, unaoning'inia bila kazi. Huo hufungwa kwenye skrubu ya amplifaya au ya hicho kisanduku. Tena isogeze transfoma mbali na katriji, angalau mita moja, maana nayo huvuma na katriji huusikia mvumo huo.

Hivyo fedha zako zianze na sindano au katriji mpya, zifuate kisanduku cha PHONO na puli. Spika zisubiri. Ukipita soko la Kiboriloni au la hapa Kilombero ukaona amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO, soma kwanza kibandiko cha volti, kwa sababu zilizotoka Japani ni za volti 100 na ukizichomeka moja kwa moja utanusa moshi kabla hujasikia muziki.

Msikilizaji wa Usa River

Mwanangu wa Majengo, fundi ameeleza vizuri upande wa mashine, nami niongeze kuhusu santuri zenyewe, kwa kuwa nimezitunza za mume wangu na kuna makosa niliyoyafanya ambayo nisingependa uyarudie.

Hizo tisa zinazolia kama sahani ya udongo zitenge leo. Hizo ni za mizunguko 78, nazo si za plastiki. Zimetengenezwa kwa sandarusi ya wadudu iliyochanganywa na unga wa mawe, na zikianguka hupasuka kama kigae. Ndizo santuri za zama za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Mifereji yake ni mipana, inahitaji sindano yenye ncha nene kama mara nne ya ile ya LP. Ukitumia sindano ya kawaida inatembea chini kabisa ya mfereji, inazoa mchanga na kukuletea kelele tupu. Isitoshe, pleya nyingi zina mwendo wa 33 na 45 tu. Ziweke wima, usizipange moja juu ya nyingine, na zingojee.

Hizo nyingine zinahitaji kuoshwa kabla ya kuchezwa. Vumbi letu la huku ni la udongo wa volkeno, lina chembe kali, na ukiipitisha sindano juu yake unasaga mfereji. Mimi hutumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale wanayouza kwa ajili ya betri za magari, pamoja na tone moja la sabuni laini ya vyombo kwa lita nzima. Lakini kuwa mwangalifu sana dukani, kwa sababu watu husema "maji ya betri" wakimaanisha ama maji safi ama asidi, na chupa zenyewe hufanana. Soma kibandiko, usikubali kuambiwa tu kwa mdomo. Funika lebo ya katikati kwa kifuniko cha bakuli kisiingize maji, pitisha kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifereji bila kukatisha, suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni, kisha isimamishe kivulini kwenye kichanja cha vyombo. Isikae juani hata dakika chache, maana plastiki hujikunja.

Spiriti usiiguse kabisa kwa zile za 78. Mimi niliipaka moja kwa nia njema ili kuondoa ukungu, na mbele ya macho yangu mng'ao ukageuka kuwa utomvu mweusi uliong'ang'ania pamba. Sandarusi huyeyuka katika spiriti. Wimbo ule sijausikia tena.

Na bahasha za baba yako zenye mwandiko usizitupe hata kama zimeliwa na mende. Weka santuri kwenye bahasha mpya za ndani, na zile za zamani ziambatane nazo kwa nje. Huko Moshi, hasa kipindi cha masika, ukungu huanza kwenye karatasi kabla haujafika kwenye santuri, kwa hiyo rafu isiguse ukuta wa nje.

Kijana wa Sakina, Arusha

Kaka, shikamoo za wakubwa nimezitanguliza, lakini ninaona unatishwa kupita kiasi. Mimi nilianza na pleya ya mkoba, ile ambayo spika zimo ndani yake, na kwa zaidi ya mwaka nimeifurahia bila kisanduku, bila waya wa ardhi, bila fundi wa kukereza. Kama lengo ni mama asikie nyimbo zake, mkoba unatosha, na fedha itakayobaki unaweza kuvuka nayo Namanga hadi Soko la Kenyatta kule Nairobi, ambako santuri za zamani bado zinauzwa.

Ila niseme ukweli wote. LP ninayoipenda kuliko nyingine, ambayo nimeicheza karibu kila Jumapili, siku hizi inachakacha kwenye sauti za juu, hasa mwimbaji anapotamka "s". Nilidhani ni vumbi, lakini kuosha hakukusaidia.

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Asante, mdogo wangu, kwa kueleza hadi mwisho. Mikoba mingi hutumia katriji za bei nafuu zinazogandamiza gramu 5 au zaidi, na mkono wake hauna mahali pa kurekebisha uzito. Kwa LP mpya ambayo unaweza kununua nakala nyingine sina neno, mtu aanze na alichonacho. Kwa sanduku la mzee wa Majengo, siafiki.

Kama mwenye swali angependa kitu kipya kisicho na matengenezo, basi aangalie pleya kama AT-LP60X ya Audio-Technica, ambayo ina kisanduku cha PHONO ndani yake na inaingia kwenye sabufa moja kwa moja. Hata hivyo mimi ningeitengeneza ile aliyonayo, kwa kuwa mkono wake unarekebishika.

Na nikuoneshe jinsi ya kuurekebisha. Zungusha lile jiwe la nyuma, yaani uzito unaosawazisha mkono wa sindano, mpaka mkono uelee ukiwa sawa na ardhi, haupandi wala haushuki. Hapo weka alama ya sifuri, kisha zungusha mbele hadi uzito uliotajwa kwenye karatasi ya katriji. Usiamini alama peke yake. Hapa Arusha tuna bahati ambayo wapenzi wa santuri wa kwingine hawana: mizani ndogo za madalali wa tanzanaiti zinauzwa mjini, na zinapima karati na gramu. Gramu 2 ni karati 10 kamili. Weka mizani mahali pa santuri, ishushe sindano juu yake polepole, usome. Ikiwa sahani ya mizani ni ya chuma kinachovutwa na sumaku, weka juu yake kipande cha mbao, urudishe mizani kwenye sifuri ndipo upime, la sivyo sumaku ya katriji itakudanganya.

Mkazi wa Majengo, Moshi

Ndugu zangu, shikamoo mama wa Usa River, na ninyi wote nawashukuru. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kuja na majibu.

Nilihesabu mara tatu, nikiwa na mwanangu mwenye saa, na kila mara tulipata 83 na kidogo. Swichi ya chini haikuwepo. Nilimpelekea fundi wa kukereza hapa mjini ile puli pamoja na mkanda, naye aliipima, akachukua kipande cha shaba cha bomba la zamani na kukikereza huku nikimwangalia. Ya kwanza ilitupa mizunguko 102. Akairudisha kwenye mashine, akaondoa unyoya tu wa shaba, tukapata 101, kisha 100. Mota ina uvuguvugu lakini mkono unaivumilia. Alinitoza elfu ishirini na tano, akaomba nikija kuicheza nimwite.

Katriji mpya na kisanduku cha PHONO vilikula fedha karibu yote iliyobaki. Waya wa ardhi ulikuwepo kweli, umefungwa fundo chini ya pleya. Nilipoukaza kwenye skrubu ya kisanduku mvumo ukakatika papo hapo kama mtu aliyezibwa mdomo. Mizani niliazima kwa jamaa wa Mirerani, na ile sarafu kumbe ilikuwa imeongeza zaidi ya karati 30 juu ya sindano ya watu.

Jana jioni nilicheza santuri moja tu ya mizunguko 45 niliyoiosha kwa maelekezo ya mama. Mwimbaji alipoanza, mama yangu aliweka chini sufuria ya mboga na kusimama mlangoni. Sikujua kwamba wimbo umekatwa katikati: upande wa kwanza unaishia pale magitaa yanapoanza kujibizana, na upande wa pili ndio unaoendelea na chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Mimi nilidhani umekwisha nikanyanyua mkono wa sindano, naye akasema, "Geuza, baba yako alikuwa hageuzi haraka hivyo, lakini geuza."

Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza ni kwa fundi: sindano ya 78 nikiipata, je, nitaweza kuibadilisha kwenye katriji hiihii au nitahitaji katriji nyingine? La pili ni kwa mama wa Usa River: mojawapo ya zile tisa ina ufa mfupi ukingoni ambao haujafika kwenye mifereji. Niiache ilivyo, au kuna namna ya kuuzuia usiendelee?

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Inategemea katriji uliyonunua. Ikiwa ni ya jamii ya VM95 ya Audio-Technica, mwili ni uleule na sindano ya 78 inaingia kwa kuchomolewa na kuchomekwa, ila uzito wake ni gramu 5 hivi, kwa hiyo utarekebisha jiwe la nyuma kila unapobadilisha na kulirudisha kabla ya kugusa LP. Lakini puli yako ina ngazi mbili tu, hivyo mwendo wa 78 huna. Zile tisa zitahitaji pleya nyingine.

Msikilizaji wa Usa River

Marahaba, mwanangu. Usiipake gundi. Iweke kati ya maboksi mawili ya karatasi ngumu yaliyokatwa kwa kipimo chake, uyafunge kwa utepe wa kitambaa bila kukaza, uandike nje kwamba ina ufa ili mtu asiitoe kwa mkono mmoja. Siku ukipata pleya ya 78, uicheze mara moja tu, na siku hiyo uwe na kitu cha kurekodia.